Sumu ya Nyanya na Ubongo wa Mtoto: Serikali Ituonyeshe Vipimo

Makamanda, leo siongelei Tume wala Katiba. Naongelea bomba la mgongoni.

Nimekulia Ilula, Iringa, kwenye nyanya. Mama alipuliza dawa akiwa na mimba ya mdogo wangu, amejifunga khanga tu puani. Simlaumu mwenye duka la pembejeo, yeye anauza kilichosajiliwa. Swali langu: kinasajiliwa kwa vipimo gani?

Chukua klopirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika sana hapa nchini. Inavuruga kimeng'enya cha mishipa ya fahamu, na kwa miaka mingi viwango vya usalama vilipangwa kwa kuangalia kimeng'enya hicho. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifuatilia wajawazito na watoto wao New York. Watoto walioipata zaidi wakiwa tumboni walikuwa na alama za chini za akili walipofika miaka 7. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ukaiondoa sokoni.

Watasema kupima ubongo ni gharama. Kwa panya, kweli: mamia ya wanyama na miezi mingi. Ndiyo maana kemikali nyingi hazijawahi kupimwa hivyo.

Siku hizi kuna njia nyingine. Seli za ngozi ya mtu mzima zinarudishwa kuwa seli shina, kazi aliyoifanya Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2007, halafu zinakuzwa ziwe seli za ubongo kwenye visahani vya maabara. Unaweka kemikali, unaangalia: zinagawanyika? Zinahama kama inavyotakiwa? Zinatoa matawi na kuungana? Zinapelekeana umeme? Mwaka 2023 OECD ilitoa mwongozo wa kutumia matokeo ya vipimo hivi.

Tusidanganyane, kisahani sio mtoto. Hakina ini wala kondo la nyuma. Kisipoonyesha kitu, haina maana dawa ni salama. Ila kikionyesha madhara, anayepaswa kujieleza ni mwenye kiwanda, sio mama wa Ilula.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iweke wazi ni viuatilifu gani vilivyosajiliwa vimepimwa athari kwa ubongo unaokua. Kisichopimwa kisihuishwe usajili kimyakimya. Na vyuo vyetu vipewe fedha za maabara za seli, tusibaki kusubiri majibu ya Ulaya.

Mei 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kuiondoa klopirifosi, lakini kwa misamaha kadhaa. Serikali ya CCM isijifiche kwenye misamaha hiyo. Barabara mbovu utaichimbua ujenge upya. Ubongo wa mtoto hauchimbuliwi.

Ukipita dukani wiki hii, soma lebo, piga picha ya jina la kiambato, mpelekee diwani wako umuulize: hii imepimwa?