Mtoto alilala saa ngapi?



Tuliomba kila mama mwenye mtoto katika masomo ya msingi aandike kwenye kaye usingizi wa mtoto kwa siku saba. Sababu mnaijua: kuna watoto wanaosinzia darasani mbele ya saa nne asubuhi, na sisi walimu tumezoea kuwaita wavivu.

Kaye zimerudi, na kosa la kwanza ni letu. Tuliuliza: "Mtoto alilala saa ngapi?" Wengine waliandika saa ya kupanda kitandani, wengine hesabu ya saa zote. Kwenye kaye moja tunasoma "saa tisa" usiku wote saba. Alipata saa tisa za usingizi, ao alikuwa macho hadi saa tisa ya usiku? Ilibidi twende kumuuliza mama mwenyewe.

Hata wachunguzi wa afya wanaujua mtego huu. Wana kifaa kama saa ya mkono kinachohesabu mwendo wa mwili: mkono ukitulia muda mrefu, kinaandika kwamba mtu amelala. Lakini mtoto anayelala kimya, macho wazi, kwa woga ao njaa, naye anahesabiwa amelala. Ndiyo maana wanamwomba mtu aandike na kaye pembeni, kwa siku nyingi, siku za masomo na za mapumziko. Na wakitoa matokeo, wanatenganisha muda wa kitandani na muda wa usingizi, tena wanasema ni usiku ngapi walizohesabu.

Hilo la kutenganisha ndilo lilitufungua macho. Binti mmoja wa mwaka wa tano, kaye yake ilisema kitandani saa mbili usiku, kuvaa kwenda masomo saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi! Waganga wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, basi tukaona yuko sawa. Tulipokaa naye, alieleza kwamba mtoto mchanga analia, usingizi unamshika karibu saa nne. Saa kumi ya alfajiri anashika bidoni, kwani ndiyo saa maji yanapotoka kwenye robine, na harudi tena kitandani. Ni saa sita tu. Mwezi uliopita tulimpigisha magoti mbele ya wenzake kwa kusinzia. Tumemwomba radhi, yeye na mama yake.

Kwa wiki hii, andikeni upya: saa aliyopanda kitandani, saa usingizi ulipomshika kadiri mlivyoona, mara alizoamka, saa aliyotoka kitandani, na usingizi wa mchana kama upo. Ongezeni "usiku" ao "asubuhi". Usiku ambao hamkuona, acheni wazi, msikisie. Asiyejua kuandika amwambie jirani.

Kaye tutazipokea siku ya mkutano. Siku hiyo tutaongea pia zamu ya robine: nani kati yetu wakubwa anaweza kuteka maji saa kumi?