Mlango Wazi Si Ruhusa ya Kukomba

Mwandishi anayedai kwamba roboti za intaneti zina haki ya kuchota chochote kilicho wazi amesoma nusu ya kesi. Kweli, Aprili 2022 mahakama ya rufaa ya Marekani iliona kwamba kampuni ya hiQ, iliyokusanya wasifu wa watu kutoka LinkedIn, huenda haikuvunja sheria ya udukuzi. Lakini Novemba mwaka huohuo mahakama ya chini iliamua kuwa hiQ ilikiuka masharti ya matumizi ya LinkedIn. Desemba hiQ ikakubali hukumu ya dola 500,000. Mbona hayo kayaruka?

Na wenye wasifu je? hiQ iliwauzia waajiri makisio ya nani yuko mbioni kuondoka. Mtu kajitangaza apate kazi, roboti ikamchongea kwa bosi wake! Hilo ndilo linaloniuma, na hoja ya mwandishi huyo haikuligusa kabisa.