PIN Yako Isiingie Kwenye Apu ya Chama

Siku hizi huku Thika na Ruiru chama kina apu yake, na keateka wa ploti naye anakusanya kodi ya nyumba kwa apu. Ni sawa kabisa. Lakini sisi tunasema hivi: apu isikuulize PIN kwenye ukurasa wake.

Njia safi ipo. Safaricom ilianzisha Daraja mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziunganishwe na M-PESA. Apu inatuma ombi, ujumbe unatokea kwenye simu yako na kiasi na jina la anayelipwa, unaweka PIN hapo hapo. Apu inaambiwa tu kama malipo yamepita. PIN haiioni.

Wengine husema kuhifadhi PIN kunaokoa muda. Sekunde ngapi? Apu tano zikiwa nayo, mwizi ana milango mitano, na ufunguo ni ule ule mmoja.

Ukiona fomu ya apu inataka PIN, achana nayo, umwambie mweka hazina. Na ujumbe ukitokea kabla hujaanza kulipa, kataa.