Mkono wa Mtoto Haungoji Meli

Kila msimu wa maembe unapofika, watoto wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome hupanda miti, na wapo wanaoanguka. Hilo si jambo la ajabu wala si la kulilalamikia. Mtoto asiyepanda mti pengine ana maradhi mengine. Jambo linalotushughulisha leo ni lile linalofuata baada ya kuanguka, yaani zile saa chache ambazo ndani yake huamuliwa kama mtoto huyo atakuwa na mkono wa kushika kalamu na kasia, ama atabaki na vidole vilivyokunjamana maisha yake yote.

Mtoto anapoanguka hunyoosha mkono ili ajikinge. Uzito wa mwili hushukia kiganjani, ukapanda hadi kwenye kiwiko, na hapo mfupa wa mkono wa juu hukatika pale ulipo mwembamba, juu kidogo ya kiungo. Katika mivunjiko yote ya kiwiko cha mtoto, huu ndio utokeao mara nyingi zaidi, na aghalabu huwapata watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 7. Daktari mmoja wa Marekani, Gartland, aliugawa mwaka 1959 katika madaraja matatu, na mpaka leo mabingwa wa mifupa huutumia mgawanyo huo. Katika daraja la kwanza mfupa umepasuka lakini haukuhama, na mtoto hupona kwa kufungwa hogo kwa majuma matatu hivi. Katika la pili mfupa umepinda. Katika la tatu vipande vimeachana kabisa, na ncha kali ya kipande cha juu huweza kuuchoma ama kuubana mshipa mkuu wa damu pamoja na neva ziendazo kiganjani.

Hapo ndipo ilipo hatari. Nyama za mkono zikikosa damu huanza kufa, na muda wake waweza kuwa saa sita tu. Zikishakufa hugeuka makovu, makovu hunywea, na vidole hujikunja visinyooke tena. Mpasuaji wa Kijerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881. Jambo lililojulikana kwa muda mrefu kiasi hicho, na ambalo kinga yake inajulikana vilevile, haliwezi kuitwa kudra na tukanyamaza.

Sasa tupige hesabu ya saa. Tuchukue mfano wa mtoto aliyeanguka Ukara saa kumi na moja jioni. Kituo cha Afya cha Bwisya, kilichopanuliwa kwa sehemu ya rambirambi za Watanzania baada ya ajali ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, kimewasogezea huduma wananchi wa kisiwa hicho, nasi tunashukuru. Lakini mvunjiko wa daraja la tatu hutaka bingwa wa mifupa, mtaalamu wa usingizi, na mashine ya eksirei itumikayo ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa watu wa visiwani, safari ya kuvifuata vitu hivyo ni safari ya kwenda Mwanza mjini. Ili mtoto afike huko, avushwe kutoka Bwisya hadi Bugolora, apelekwe kwa barabara hadi Nansio, kisha apande meli kwa saa tatu au zaidi. Ama azungushwe kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, na kutoka huko kwa barabara ya Bunda. Vyombo vyote hivyo vina ratiba, na ratiba hiyo haikupangwa kwa ajili ya kiwiko cha mtu. Saa sita zitakuwa zimekwisha kabla ya adhana ya alfajiri.

Tunalisema hili kwa sababu upande wa pili wa ziwa tumeona kwamba yanawezekana. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na gari la wagonjwa litokalo Sengerema, ambalo zamani lilingoja kivuko pamoja na malori ya pamba na magunia ya dagaa, sasa huvuka kwa dakika chache na kushika njia ya Usagara kuelekea Bugando. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa kimbilio la Kanda ya Ziwa nzima. Mtu wa Kome na Maisome naye amefaidika, maana akishafika nchi kavu njia ni nyeupe. Lakini bado ana maji ya kuyavuka, na hakuna atakayejenga daraja hadi Ukara.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kisiwani, matibabu hayana budi kuanzia kisiwani. Na hapa tunasema wazi kwamba mengi ya maana hayahitaji bingwa. Mkono ufungwe banzi, ubao mwembamba au boksi gumu, ukiwa umekunjwa kidogo tu, usibanwe, kisha uningʼinizwe kwa khanga. Vidole viachwe wazi vionekane. Viangaliwe kila mara: je, vina joto? Vina rangi ya kawaida? Mtoto anahisi akiguswa? Akinyooshwa vidole hulia kwa maumivu makali kupita kiasi? Dalili hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa kuwa mzazi hudhani kila aliyevunjika hulia. Zahanati nayo isifunge hogo zima siku ya kwanza, kwa sababu mkono utavimba na hogo halitavimba. Lifungwe la upande mmoja, likazwe kwa bendeji isiyobana. Na kiganja kikiwa cheupe na baridi, tabibu aliyefundishwa huweza kuuvuta mkono taratibu na kuulegeza mkunjo, na mara nyingi damu hurejea hapo hapo. Tendo hilo la dakika moja huweza kuuokoa mkono wakati boti inatafutiwa mafuta.

Huko Mwanza kazi yenyewe si ya kutisha. Mtoto hulazwa usingizi wa dawa, mfupa ukarudishwa mahali pake bila ya kupasua, kisha hupitishwa ngozini nyaya mbili au tatu nyembamba za chuma ziushike. Baada ya majuma matatu au manne nyaya hutolewa, na mtoto huachwa auzoeshe mkono wake mwenyewe kwa kucheza. Pasipo na mashine, ipo njia ya zamani ya kuuvuta mkono kwa uzito mdogo mtoto akiwa kitandani, na bado inafaa.

Neno sasa juu ya waunga mifupa wa jadi. Wapo wasomi ambao kila wakiwataja huwataja kwa kejeli, na sisi hatumo katika kundi hilo. Mzee anayeunga mifupa yupo kijijini usiku, hadai fomu, na mfupa wa muundi uliopasuka bila kuhama huenda ukapona mikononi mwake kama ungalivyopona mikononi mwa mwingine. Lakini kiwiko cha mtoto si muundi. Banzi zikikazwa kwa kamba juu ya mkono unaovimba, damu hukatika, mkono huoza, na mwisho wake ni kukatwa. Na kule kuchua na kukanda kiwiko kwa maji ya moto na mafuta siku baada ya siku, tendo lifanywalo kwa huruma kabisa, huweza kuifanya nyama iote mfupa ndani yake, kiungo kikakakamaa moja kwa moja. Uhabeshi walijaribu njia ya busara: waliwaita waunga mifupa, wakawafundisha kwa muda mfupi tu hatari za kukaza banzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba watoto na watu wazima waliokatwa viungo kwa sababu hiyo walipungua. Wazee wetu wa Bukerebe na Buzinza hawashindwi kufundishika. Waitwe, wapewe heshima yao na posho ya siku moja, waelezwe mambo mawili: msikaze, na kiwiko cha mtoto kileteni.

Kuhusu goti tutasema machache, ingawa lina mambo yake. Eneo la goti ndilo lenye tabaka za ukuaji zinazourefusha mguu kwa karibu theluthi mbili, kwa hiyo mvunjiko wa hapo usiporudishwa sawasawa huweza kuuacha mguu mmoja mfupi au umepinda kadiri mtoto anavyokua. Lakini goti tunaloliogopa zaidi ni lile lililovimba na kuwa moto, mtoto ana homa na hataki kukanyaga, na mama anasema labda alianguka shuleni. Huenda hakuanguka. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao hula gegedu kwa siku chache tu. Dawa yake ni kuutoa usaha hospitalini na kumpa mtoto dawa za kuua vijidudu, wala si kumchanja chale na kumpaka majani. Katika nchi ambayo watoto wakadiriwao 11,000 huzaliwa kila mwaka na seli mundu, na Kanda yetu ya Ziwa ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, maradhi ya mifupa na viungo ya namna hii hayawezi kuhesabiwa kuwa nadra. Mtoto huyo apimwe na damu pia.

Tumefikia jambo la fedha, ambalo maafisa hupenda liachwe mwisho, nasi tumewatii. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ni sera njema. Lakini msomaji atakumbuka umri tulioutaja hapo juu: kiwiko huvunjika zaidi kati ya miaka 5 na 7. Yaani mtoto wetu anaanguka kutoka mtini mara tu baada ya kuanguka kutoka kwenye msamaha. Mvuvi asiye na akiba, anayeambiwa kwamba kuna nauli, kuna picha, kuna nyaya na kuna kitanda, atakwenda kwa mzee wa kijijini, na hatuna haki ya kumwita mjinga. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wale wanaohusika na utekelezaji wake visiwani waukumbuke umri huo, na makamati ya maendeleo ya kata yasiwasahau watoto hao yanapoorodhesha kaya zisizo na uwezo.

Chama nacho kina sehemu yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi kusikiliza redio na kujadili magonjwa, na vyoo vikachimbwa. Leo kila mwalo una simu na spika za kuita wanunuzi wa dagaa. Balozi wa shina, imamu, katekista na mwalimu wa darasa la kwanza wakiambiwa maneno yale matano ya vidole, rangi, joto, hisi na maumivu, hawatahitaji semina ya hotelini.

Tunaloliomba kwa Halmashauri za Ukerewe na Buchosa ni dogo, na lina mahali pake katika makadirio ya mwaka ujao: unga wa hogo na bendeji katika kila zahanati ya kisiwani, tabibu mmoja wa kila kituo cha afya apelekwe Bugando kwa majuma machache akajifunze kuuweka mkono wa mtoto, namba moja ya simu ya daktari wa mifupa ipokelewayo usiku, na boti ya wagonjwa yenye mafuta, nahodha na taa. Fungu la mafuta ya boti hiyo liandikwe kwa jina lake, lisichanganywe na mafuta ya ziara.