Pato la Ughaibuni Lihesabiwe Lote

Kila msimu wa kuchagua masomo ya vyuo vikuu uwadiapo, huzuka hoja moja miongoni mwa wanafunzi wetu walio bora: someni udaktari wa meno, kisha mwende Uingereza au Marekani mkachume. Nimeisikia hoja hii hata vinywani mwa walimu na wazazi. Sina nia ya kuipinga kwa uzalendo wa mdomoni. Ninalolalamikia ni kwamba hesabu yake imefanywa nusu, na kila mwalimu ajua kuwa jibu lisilo na njia halipewi alama zote.

Tuanze na Uingereza. Aliyehitimu katika chuo chetu hawezi kushuka uwanja wa ndege leo na kesho akang'oa jino la mtu. Kwa kawaida hulazimika kwanza kupita mtihani wa usajili wa madaktari wa meno kutoka ng'ambo, ambao una sehemu mbili: ya kwanza ya maandishi, ya pili ya vitendo. Kufikia mwaka 2024, ada ya sehemu ya pili pekee ilikuwa zaidi ya pauni 4,000, na nafasi za kuufanya ni chache kuliko wanaozitaka. Ugonjwa wa Korona ulipozuka mwaka 2020, mtihani huo ulisimamishwa na haukurejea hadi mwaka 2022. Waliokuwa wakingoja waliendelea kula, kulipa kodi ya nyumba na kutuma fedha kwao, bila ruhusa ya kufanya kazi waliyoisomea.

Tuseme amepita. Je, atapata kiasi gani? Madaktari wengi wanaotibu chini ya Huduma ya Taifa ya Afya huko hawalipwi mshahara wa mwezi. Wamejiajiri, nao hulipwa kwa vizio vya kazi. Kukagua kinywa ni kizio 1, kuziba jino huanzia vizio 3, na kutengeneza meno ya bandia ni vizio 12. Mwaka 2024, serikali iliweka kima cha chini cha pauni 28 kwa kizio katika England. Lakini fedha hizo huenda kwa kliniki, wala si mfukoni mwa daktari. Tuchukue mfano kwamba mwenye kliniki ampa daktari pauni 12 kwa kila kizio. Akitimiza vizio 6,000 kwa mwaka, atapata pauni 72,000. Hilo ndilo tarakimu linalovuma vijijini kwetu.

Sasa tutoe. Kuna ada ya usajili ya kila mwaka, bima dhidi ya madai ya wagonjwa, na mara nyingi sehemu ya gharama za maabara inayotengeneza meno ya bandia. Kisha kodi: pato linalozidi pauni 50,270 hutozwa asilimia 40. Asipofikisha vizio alivyoahidi, fedha hudaiwa zirudishwe. Kinachobaki bado ni kizuri, sikatai, lakini si kile alichoahidiwa kijana katika maongezi ya barazani. Tena kinatumiwa katika nchi ambako nyumba, nauli na malezi ya mtoto vina bei ya huko.

Marekani nako kunavutia zaidi kwa macho, kwani pato la katikati la daktari wa meno kwa mwaka linapita dola 150,000. Hata hivyo, majimbo mengi humtaka mgeni arudi darasani miaka miwili au mitatu katika chuo cha meno cha huko, kwa karo nzito, kabla hajapewa leseni. Wahenga walituachia neno: usione vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo, sitawatwika vijana lawama zote. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza madaktari wa meno mwaka 1974, na taifa limewekeza fedha nyingi katika kila mmoja wao. Lakini mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya mambo yaliyowachukiza ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa wale walio katika mwaka wa utarajali shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa mwaka 2017 uliwaahidi zaidi ya 200,000. Mwenye kuvunja ahadi nyumbani hana haki ya kumshangaa anayefungasha mizigo. Mgonjwa wa kijijini anayelazwa macho na jino bovu ndiye anayelipia uvunjaji huo.

Rai yangu ni mbili. Serikali na iheshimu mikataba yake, kwa kuwa kutunza daktari aliyekwisha kufunzwa ni nafuu kuliko kufunza mwingine. Nanyi walimu, mwanafunzi akiwauliza habari za utajiri wa ng'ambo, msimkataze wala msimshangilie. Mpeni karatasi na kalamu. Aandike pato upande mmoja. Upande wa pili aandike ada, miaka ya kungoja, kodi na gharama ya kuishi. Akimaliza kutoa, na bado akataka kwenda, basi na aende akiwa na macho wazi. Akiamua kubaki, tuhakikishe kwamba hatajutia uamuzi huo.