Akishinda, Anaendelea Kuliwa

Watetezi wa kasino za simu wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: chipu za mchezo hazigeuki kuwa pesa, kwa hiyo hakuna kamari. Hoja hiyo ilifika mahakamani Marekani katika kesi ya Big Fish Casino. Katika mchezo huo mchezaji alipewa chipu za bure mwanzoni. Zikimwishia, ilibidi asubiri au anunue nyingine kwa pesa halisi. Machi 2018, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilisema kuwa kwa sheria ya jimbo la Washington chipu hizo ni kitu chenye thamani, maana bila hizo huchezi. Mwaka 2020 madai yakamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 155. Na tuseme kweli: mcheza kamari wa kawaida angalau huenda akarudi na kitu mfukoni. Huyu wa chipu analiwa tu, na akishinda, amejishindia ruhusa ya kuendelea kuliwa.

Eti pia masanduku ya bahati, yaani zawadi za kubahatisha zinazouzwa ndani ya michezo ya video, ni kama yai la chokoleti lenye zawadi ndani. Mwakilishi wa EA, kampuni iliyotengeneza mchezo wa soka wa FIFA, aliwaambia hivyo wabunge wa Uingereza Juni 2019. Lakini yai lina bei inayosomeka. Pakiti za wachezaji wa FIFA, ambazo ni masanduku ya aina hiyo, ziliuzwa kwa pointi, na pointi zenyewe kwa mafungu, hadi mtoto asijue ametumia kiasi gani. Tena duka la mayai hufungwa usiku.

“Wazazi wasimamie.” Wasimamie, sawa. Mbona kwenye bia hatukuwaachia wao peke yao?

Hoja nzito ni ya Uholanzi, ambako Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ilifuta faini ya euro milioni 10 dhidi ya EA. Ilifuta kwa kuona kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi, si mchezo wa bahati unaojitegemea. Sheria iliyopwaya hivyo hushonwa upya, haitupwi.

Wa mwisho husema marufuku ya masanduku hayo haifanyi kazi, wakitaja Ubelgiji. EA iliacha kuuza pointi huko Januari 2019, na FIFA ikaendelea kuuzwa. Ni kweli kwamba utafiti wa 2022 ulikuta masanduku ya bahati katika michezo 82 kati ya 100 ya iPhone iliyoingiza pesa nyingi zaidi nchini humo. Ila yote 82 ilipitia duka moja, la Apple. Kukimbizana na kampuni moja moja hakukuhitajika. Mlango wa kubisha hodi ulikuwa mmoja.