Huyo Mtoto Hana Pepo

Jana mama aliniletea kijana wake wa miaka 7 nikemee pepo wa utundu. Amefunga siku tatu. Shuleni mtoto amechapwa mpaka amezoea. Nilikataa.

Madaktari wanaiita ADHD. Mwaka 2007 watafiti Marekani walipima picha za ubongo wa watoto hawa: ganda lake lilichelewa kukomaa kwa kama miaka 3, hasa sehemu ya mbele, ile inayoshika breki. Hapo unakemea nani? Dawa zipo, mafunzo ya wazazi yapo.

Wahubiri tumesukuma vichwa vya watoto hawa, tukaambia wazazi watupe dawa. Hata mimi niliwahi. Paulo alitembea na Luka, tabibu, bila aibu. Mama, Jumanne tunaenda kliniki pamoja.